Uji wa Shule na Likizo ya Desemba



Ndugu zangu viongozi wa walei, na ninyi akina mama wa WAWATA mliopanda milima kutoka Mbamba Bay na Liuli hadi hapa Mbinga: nimetakiwa niseme juu ya wajibu wa Serikali katika kuwalisha watoto wa kaya maskini. Naanza na swali la mtoto. Desemba moja, katika kigango cha ufukweni, mtoto wa darasa la tatu aliniuliza, "Baba Padri, shule itafunguliwa lini?" Nikamsifu kwa kupenda masomo. Akanitazama kwa mshangao. "Kule kuna uji," akasema.

Tuitazame kalenda. Likizo ya Juni haitishi sana, maana mahindi na maharage yamo ndani na kahawa imeanza kuchumwa. Ile ya Desemba ni jambo lingine. Mvua imeshika, huku Umatengo mahindi yanapandwa juu ya ngoro, fedha ya kahawa imekwisha kulipa madeni, na ghala linaonyesha sakafu. Mwenye akiba atapika jioni. Asiye nayo huenda kufanya kibarua kwa jirani ili apate debe la mahindi, na shamba lake mwenyewe hubaki nyuma, hata mwaka unaofuata humkuta pale pale. Ndipo uji wa shule nao unapokoma.

Wengine watauliza, Ruvuma ina njaa gani? Mkoa huu huuza mahindi kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, yakalishe wengine. Ni kweli, na hapo ndipo penye uchungu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulionyesha kwamba watoto 44 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano mkoani mwetu walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa nchi ulikuwa 34. Mkoa ulikuwa na magunia. Kaya nyingi hazikuwa nayo.

Serikali inafanya nini? Tuseme ukweli bila chuki. Ada ya shule ilifutwa tangu Januari 2016, nasi tunashukuru. Lakini chakula cha mwanafunzi wa kutwa kiliachwa mikononi mwa wazazi. Mwongozo wa kitaifa wa 2021 unataka wanafunzi wapate chakula shuleni, ila mzigo mkubwa umebaki pale pale. Mwenye mahindi hutoa debe lake, mjane hana. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto kwa mwaka, na wakuu wa mikoa wametia saini Mkataba wa Lishe juu ya hilo. Fedha ni kidogo, lakini angalau mtoto amehesabiwa. Akifikia umri wa kwenda shule, hutoka katika hesabu hiyo. Je, njaa yake nayo imekwisha?

Kanisa hufundisha kanuni ya auni: lile ambalo familia inaliweza, dola isiinyang'anye; lakini familia ikielemewa, dola haina ruhusa ya kukaa kando. Sisi mapadre tumezoea kuhubiri nusu ya kwanza. Mimi mwenyewe nimewahimiza wazazi wachange mara nyingi, nikanyamaza juu ya bajeti.

Wala jambo hili si la nchi maskini peke yake. Marekani, watoto waliozoea chakula cha mchana shuleni huteseka likizo ya kiangazi. Tangu 2024 serikali kuu yao hutoa dola 40 kwa mwezi, kwa miezi mitatu, kwa kila mtoto wa kaya yenye kipato kidogo. Jimbo hutakiwa kukubali kushiriki na kulipa nusu ya gharama za uendeshaji. Jimbo la Iowa lilikataa. Gavana wa Nebraska naye alikataa mwishoni mwa 2023, kisha Februari 2024 akageuza uamuzi, baada ya raia na wabunge kumsema. Hao waliosema walikuwa watu kama ninyi.

Kwetu, mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini ulikwisha kuonyesha kwamba msaada waweza kufika nyumbani bila kupitia sufuria ya shule. Sioni kwa nini nyongeza ya chakula cha mtoto isitolewe Desemba hadi Februari kwa njia ya namna hiyo. Halmashauri nazo zina ushuru wa mazao, na kahawa yetu huchangia. Sheria imekwisha kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na wenye ulemavu. Basi inawezekana kutenga.

Mkutano mkuu wa kijiji, kwa sheria, hukaa kila miezi mitatu. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ipeleke watu wawili wenye maswali haya: shuleni kwetu ni watoto wangapi hawali kwa sababu mzazi hakuchanga? Kamati ya shule imewasamehe, au imewatenga? Halmashauri imetenga shilingi ngapi kwa chakula chao, na kwa kaya zao wakati wa likizo? Majibu yaandikwe katika muhtasari, kisha diwani apewe nakala kabla bajeti haijapitishwa. Mwaka wa fedha huanza Julai. Anayekuja kuuliza Desemba amechelewa.