MIAKA 64 BARAZANI: FUNZO KWA WALIO WACHACHE

(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimetakiwa jioni hii nizungumze juu ya kazi ya mjumbe katika baraza la kutunga sheria, na hasa mjumbe ambaye chama chake hakina wingi wa viti. Ningeweza kukusomeeni kanuni za baraza kifungu kwa kifungu, lakini kanuni peke yake haina damu. Nimeona bora nikuelezeni habari za mtu mmoja wa nchi ya mbali, kisha tupime pamoja yapi katika mwendo wake yanatufaa na yapi hayatufai.

Mtu huyo ni Fred Risser, wa jimbo la Wisconsin katika Marekani. Alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Madison, ulio makao makuu ya jimbo hilo, uliokaa baina ya maziwa mawili. Alitumika katika jeshi la majini mwishoni mwa Vita Vikuu vya Pili, akasoma sheria, na katika uchaguzi wa mwaka 1956 akachaguliwa kuingia katika baraza la chini la jimbo lake. Mwaka 1962 kiti cha Seneti kilikuwa wazi, akakigombea akakipata, naye hakukitoka mpaka Januari 2021. Aliingia barazani Eisenhower akiwa Rais wa Marekani, akatoka marais kumi na wawili wakiwa wamekwisha kukalia kiti kile, akiwa mwenyewe amefika umri wa miaka 93. Katika mabaraza ya majimbo yote ya Marekani hapajapata kuwa na mjumbe aliyedumu kama yeye.

Huenda mtu akasema: huyu alirithi. Ni kweli kwamba alitoka katika ukoo wa siasa. Baba wa babu yake, aliyepoteza mkono katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikuwa mjumbe kwa chama cha Republican. Babu yake alikuwa wa chama hicho hicho, upande wa wale waliotaka mageuzi. Baba yake aliingia Seneti kwa chama cha Progressive, chama kilichoundwa na ndugu wawili wa ukoo wa La Follette mwaka 1934 na kikavunjwa mwaka 1946. Yeye mwenyewe alikuwa wa chama cha Democratic. Basi vizazi vinne vilirithishana kazi, lakini havikurithishana chama. Fauka ya hayo, kiti chenyewe hakikuwa mali ya urithi. Kila baada ya miaka minne ilimlazimu Risser arudi kwa wapiga kura na kutaka ridhaa yao upya. Anayeombwa hesabu kila baada ya miaka minne, na kila mara hesabu ikaonekana sawa, hawezi kuitwa mnyang'anyi.

Nataka sasa mtazame muda huo ulitumikaje. Seneti ya Wisconsin ina wajumbe 33. Kuna miaka ambayo chama chake kilikuwa na wingi, na kuna miaka kilikuwa kichache. Alipata kuwa kiongozi wa walio wachache. Na zamani Naibu Gavana ndiye aliyekuwa Rais wa Seneti, lakini katiba ilipobadilishwa mwaka 1979 Seneti ikapata haki ya kumchagua Rais wake miongoni mwa wajumbe wenyewe, naye Risser akachaguliwa, na baadaye akachaguliwa tena mara kadhaa. Maana yake ni kuwa mtu yule yule alikaa kiti cha juu akiamua nani aseme na nani anyamaze, na siku nyingine akakaa kiti cha nyuma akisubiri ruhusa ya kusema. Aliyeonja pande zote mbili hujua kwamba kanuni unayoivunja leo ukiwa na nguvu, kesho utaililia ukiwa huna.

Chukueni mfano wa moshi wa tumbaku. Risser alipigania kwa miaka mingi kwamba mfanyakazi asilazimishwe kuvuta moshi wa mwenzake. Wauza tumbaku walikuwa na fedha, na wenye mikahawa walikuwa na hofu ya biashara yao. Mswada ulianguka, ukarudi, ukapunguzwa, ukarudi tena. Sheria ya kukataza uvutaji katika sehemu za kazi, mikahawa na baa za jimbo zima ilitiwa saini mwaka 2009, na ikaanza kutumika Julai 2010. Hapo mjumbe alikuwa amekwisha pita miaka themanini ya umri wake. Haba na haba hujaza kibaba, lakini sharti awepo mtu wa kukilinda kibaba kisimwagwe kati ya msimu na msimu.

Sasa nafika penye jambo zito, nalo ndilo lililonifanya nimchague mtu huyu.

Mwaka 1959 Wisconsin ilikuwa jimbo la kwanza katika Marekani kupitisha sheria iliyowapa wafanyakazi wa miji na wilaya haki ya kujadiliana na waajiri wao kupitia vyama vyao. Risser alikuwa mjumbe kijana wa baraza la chini wakati huo. Baada ya miaka 52, Februari 2011, Gavana mpya Scott Walker, wa chama cha Republican, alileta mswada wa kuiondoa sehemu kubwa ya haki hiyo kwa wafanyakazi wengi wa serikali, ila polisi na wazima moto. Chama chake kilikuwa na viti 19 katika Seneti, na Democratic 14. Kwa hesabu ya kura, shauri lilikuwa limekwisha kabla ya kuanza.

Lakini katiba ya jimbo ilisema kwamba mswada wa fedha haupitishwi ila wawepo barazani tatu ya tano ya wajumbe, yaani watu 20. Kumi na tisa hawakutosha. Basi tarehe 17 Februari wajumbe wote 14 waliondoka Madison wakavuka mpaka kuingia jimbo la Illinois, mahali ambapo polisi wa Wisconsin hawakuwa na amri juu yao. Risser, mwenye umri wa miaka 83, alikuwa mmoja wao. Walikaa huko kiasi cha wiki tatu. Nyuma yao makumi ya maelfu ya watu walijaa katika viwanja vya jengo la baraza, na wengine wakalala ndani, juu ya sakafu ya mawe.

Mwisho ulikuwaje? Tarehe 9 Machi walio wengi waliuondolea mswada vifungu vilivyohitaji akidi ile kubwa, wakaupitisha kwa kura 18 kwa moja, na siku mbili baadaye Gavana akautia saini. Wale 14 walirudi tarehe 12 Machi, wakapokewa na umati mkubwa. Lakini waliikuta sheria imekwisha pita.

Mabwana, hapa ndipo ninapotaka insafu itawale. Wako waliosema, na wanasema mpaka leo, kwamba mjumbe hulipwa mshahara ili akae barazani, si akae hotelini katika jimbo jingine. Na kwamba walio wachache wakizoea kuondoka, hapatakuwa na serikali itakayoweza kutawala, hata serikali yetu sisi siku tutakapoipata. Hoja hii ni nzito na haifai kuchekwa. Jibu langu ni hili. Wale 14 hawakuvunja katiba, waliitumia. Akidi iliwekwa ili jambo kubwa la fedha lisipite kwa haraka ya upande mmoja, na wiki tatu zile zilimpa mwananchi nafasi ya kuusoma mswada ambao, kama si hivyo, ungalipita kwa siku chache. Hata hivyo silaha hii ni ya mara moja katika umri wa mtu. Risser alikaa barazani miaka 64, na hatusikii kwamba alikuwa mtu wa kutoka kila alipokasirika. Uzito wa kuondoka kwake ulitokana na wingi wa siku alizokuwa amekaa.

Baada ya hapo wananchi walidai chaguzi za marudio. Katika chaguzi za mwaka 2011 na 2012 Democratic walipata viti vya kutosha kuwa 17 kwa 16, naye Risser akarudi kiti cha Urais wa Seneti katikati ya mwaka 2012. Lakini kikao cha kutunga sheria kilikuwa kimekwisha, na Novemba wingi ule ukapotea. Gavana mwenyewe aliposhitakiwa mbele ya wapiga kura Juni 2012 alishinda. Mipaka mipya ya sehemu za uchaguzi, iliyochorwa na Republican mwaka 2011, iliwabana wapinzani muongo mzima: mwaka 2018 Democratic walipata kura nyingi zaidi za baraza la chini katika jimbo zima, wakaambulia viti 36 katika 99. Risser alimaliza miaka yake ya mwisho akiwa miongoni mwa wachache, wala hakuiona mipaka ile ikibadilishwa akiwa mjumbe. Mipaka iliyoifuata, iliyofanana nayo, ndiyo iliyobadilishwa mwaka 2024, baada ya Mahakama Kuu ya jimbo kuikataa.

Je, alishindwa? Mwenye kuhesabu kura za siku moja atasema ndiyo. Mimi nasema mjumbe wa walio wachache ana kazi tatu ambazo hazihitaji wingi: kuisoma karatasi kabla haijawa sheria, kuwaambia wananchi yaliyomo, na kuhudhuria siku ambayo mwenye nguvu alitumaini hatahudhuria. Anayezifanya tatu hizi huweka kumbukumbu, na kumbukumbu ndiyo mtaji wa uchaguzi ujao.

Neno la mwisho ni juu ya kuondoka. Mwezi wa Machi 2020 Risser alitangaza kwamba hatagombea tena. Wagombea kadhaa wa chama chake walijitokeza mara moja, dalili kwamba walikuwako watu waliokuwa wakingoja. Ni haki kuuliza kama aliwangojesha mno, nami naona aliwangojesha. Ujuzi usiopata mwanafunzi huzikwa na mwenyewe. Basi tumwige katika subira yake, na tutangulie kufanya lile alilolichelewesha: kila mjumbe wetu, tangu mwaka wake wa kwanza, akae na kijana pembeni yake akimfundisha kanuni, ili siku atakapoinuka kiti kisikae kitupu wala kisikaliwe na mjinga.