Gari Limezimika Njiani: Tulivute na Kulitengeneza kwa Utaratibu



Tumeombwa tuzungumze nanyi kuhusu magari yetu ya zamani ya kazi ngumu, hasa yanapozimika njiani. Gari la parokia si chuma tu. Ndilo linalopeleka chanjo vijiji vya milimani, ndilo linalombeba mama mjamzito usiku, ndilo linalofikisha mabomba kwenye mradi wa maji. Likilala gereji wiki tatu, kuna kijiji ambacho hakikufikiwa.

Tunaomba mwende nyumbani na jambo moja. Injini nyingi za zamani haziuawi na umri, bali huuawa na haraka. Haraka ya kwanza ni ile ya barabarani, saa chache baada ya gari kuzimika. Ya pili ni ile ya gereji, siku chache baada ya gari kufikishwa kwa fundi. Katika nyakati zote mbili, mwenye kauli ya mwisho mara nyingi ni kamati.

Magari tunayoyazungumzia

Tuna aina mbili zinazojulikana sana. Ya kwanza ni Land Rover, iliyoonyeshwa kwa umma mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948. Defender ya muundo ule wa zamani ilikoma kutengenezwa Januari 2016 kule Solihull, Uingereza. Ya pili ni Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, iliyoanza mwaka 1984 na ambayo ingali inatengenezwa. Nyingi zina injini ya dizeli ya 1HZ, yenye silinda 6 na ujazo wa lita 4.2. Ni magari yaliyojengwa yatengenezeke. Gari la miaka 25 linaweza kufanya kazi vizuri, mradi tulitendee haki.

Likizimika, tusilivute liwake

Desturi yetu barabarani tunaijua. Gari likizimika, vijana hukusanyika, kamba hufungwa, na mtu husema: "Livuteni, litawaka tu." Ikiwa tatizo ni betri iliyokufa, huenda likawaka. Lakini ikiwa gari limezimika ndani ya maji, au baada ya kuchemka, hapo ndipo tunapoua injini.

Sababu yake ni hii. Injini ya dizeli hubana hewa peke yake ndani ya silinda, kwa nguvu sana, mpaka hewa hiyo ipate moto wa kuiwasha dizeli. Hewa hubanika, maji hayabaniki. Pistoni ikipanda na kukuta maji, kitu kimoja lazima kiachie, na mara nyingi ni konrodi, yaani ule mkono unaoishika pistoni, unaopinda au kukatika. Kilichokuwa kazi ya siku moja kinakuwa injini nzima.

Msimu mmoja wa mvua, gari letu moja lilizimika katikati ya kijito huko nyanda za juu kusini mwa Tanzania. Wenye trekta walikuja kwa moyo mwema, wakataka walivute mpaka liwake. Dereva wetu alikubali kuvutwa hadi mahali pakavu tu, gia ikiwa nyutro. Kesho yake fundi alifungua plagi za kupashia moto, akazungusha injini kwa stata. Maji yaliruka kutoka silinda mbili. Alikausha, akabadilisha filta, akamwaga oili na kuweka mpya, akaendesha kidogo, kisha akaimwaga na hiyo pia. Injini ile haikufunguliwa.

Kuvuta kwa usalama

Kwanza, dereva anayevutwa ajue kwamba injini ikiwa imezimwa, breki hupoteza msaada wake. Pedali itasaidia mara moja au mbili, kisha itakuwa ngumu, itakayohitaji mguu wenye nguvu. Usukani wenye msaada nao utakuwa mzito. Ufunguo uwashwe ili usukani usijifunge. Kwa sababu hizo, chuma kigumu cha kuvutia ni bora kuliko kamba, hasa kwenye mteremko.

Pili, gia ziachwe huru, ya boksi kubwa na ya boksi ndogo pia. Kwenye Land Cruiser zenye vifungio katikati ya magurudumu ya mbele, vifungio hivyo vifunguliwe. Defender huendesha magurudumu yote manne wakati wote. Tusilinyanyue upande mmoja tu na kuburuza mwingine bila kwanza kuondoa shafti, maana difu ya katikati itaharibika.

Tatu, tufunge kwenye ndoano ya kuvutia iliyoshikwa na chesisi. Tusifunge kwenye bampa, wala kwenye vyuma vya usukani, wala kwenye ile mpira ya chuma ya kukokotea trela. Mpira hiyo ikikatika huruka kama risasi, na imewahi kuua watu sehemu mbalimbali duniani.

Nne, abiria wote washuke. Watazamaji wakae mbali kuliko urefu wa kamba au mnyororo. Gunia zito au turubai liwekwe juu yake katikati, ili ukikatika usiruke. Hakuna gari lenye thamani ya mguu wa kijana aliyekuja kutusaidia.

Gereji: tuulize kabla ya kufungua

Gari likifika gereji, kamati isianze kwa kuuliza "litatoka lini?" Iulize "limeonekana lina nini, na umejuaje?" Fundi mzuri huanza na vitu vya bei nafuu. Je, filta ya dizeli imeziba au ina maji? Je, hewa imeingia kwenye njia ya dizeli? Je, ule waya mdogo unaofungulia dizeli kwenye pampu umekatika? Waya huo tu ukichomoka, injini yote hunyamaza.

Kisha atazame oili. Ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, kuna maji ndani. Atazame rejeta kama inatoa mapovu injini ikiunguruma. Apime mbano wa kila silinda na kuandika namba zake. Baada ya hapo ndipo tuzungumze habari ya kufungua.

Ikibidi silinda hedi ifunguliwe, kamati isikubali gasketi mpya iwekwe juu ya hedi ambayo haikupimwa. Land Rover ya 300Tdi, kwa mfano, ina hedi ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma. Ikichemka sana, hedi hupinda. Gasketi mpya juu ya hedi iliyopinda itaungua tena, na tutalipa mara mbili. Hedi ipelekwe kwenye karakana ya mashine, ipimwe unyoofu na nyufa, isawazishwe ikihitajika. Bolti zikazwe kwa kipimo na kwa mpangilio wa kitabu cha gari, si kwa nguvu ya mkono.

Kuna mazoea mawili zaidi tunayoomba yaachwe. La kwanza ni kuondoa thamostati "ili gari lisichemke". Injini isiyofikia joto lake hula dizeli na kulika haraka. Ikiwa inachemka, tutafute sababu: rejeta iliyoziba, pampu ya maji, feni, au gasketi. La pili ni kujaza maji matupu ya mtoni badala ya kulanti, ambayo huzuia kutu ndani ya injini.

Tusisahau pia mkanda wa taiming. Kwa 1HZ, kilomita 100,000 ni kipimo kizuri cha kuubadilisha. Ukikatika, pistoni hugonga valvu. Mkanda ni gharama ndogo ukilinganisha na hasara hiyo.

Tunachoomba kwa kamati na wafadhili

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu.

Kila gari liwe na daftari: kilomita, oili, filta, mkanda, na jina la aliyefanya kazi.

Kila parokia iwe na mfuko wa matengenezo unaojazwa kwa kilomita. Tuchukue mfano. Tukitenga shilingi 200 kwa kila kilomita, na gari likaenda kilomita 1,500 kwa mwezi, tutakuwa na shilingi 300,000 kwa mwezi, yaani 3,600,000 kwa mwaka. Kiwango kila parokia ijipangie, ila fedha hizo zisiguswe kwa ajili ya mafuta wala sherehe.

Na kwenu wafadhili, tunajua kwamba picha ya gari jipya lenye utepe hupendeza kuliko picha ya gasketi. Hata hivyo tunawaomba mkubali kuchangia gasketi, upimaji wa hedi, na chuma cha kuvutia. Mchango huo hauna uzinduzi, lakini ndio unaofanya msaada wenu wa kwanza uendelee kufika kijijini miaka kumi baadaye.

Kamati itakayorudi nyumbani leo na kumwambia dereva, "Likizimika, usikubali haraka ya mtu, sisi tuko nyuma yako," itakuwa imeanza matengenezo tayari.