Tusionee Haya Asili Yetu



Leo tujiulize: kwa nini tunakionea haya kilicho chetu? Tunamkemea mtoto akisema Kiswahili nyumbani, kisha tunajifaharisha kwa Kiingereza chake kibovu. Wengine wetu hulikana kabila la babu zao na kujitafutia nasaba ya mbali, kana kwamba Mwenyezi Mungu alikosea kuwaumba hapa.

Maradhi haya si mapya. Mwaka 1932, huko Mombasa, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha gazeti la Al-Islah, akawaonya Waislamu wa pwani wasiwaige Wazungu kwa upofu. Hakuikataza elimu mpya, alikataza kujidharau. Na lugha tunayoionea haya ndiyo aliyoifasiria Qurani nzima Sheikh Abdulla Saleh Farsy, kazi iliyochapishwa mwaka 1969.

Surat Ar-Rum, aya ya 22, inatufunza kuwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara za Mwenyezi Mungu. Basi anayeidharau lugha yake anadharau nini, kama si ishara hiyo?

Hatusemi tujivune juu ya wengine, kwani huo ni ukabila, nao umekatazwa. Wala hatusemi tushike kila ada. Iliyo kinyume na dini tuiache. Tunasema mtoto aliyefundishwa kumwonea haya bibi yake, kesho ataionea haya na sala ya bibi yake. Tuanze kurekebisha usiku huu, majumbani mwetu.

Wabillahi tawfiq.