Programu za Kompyuta Zisimfungie Mwanafunzi Mlango

Kijana wa Mbeere anayesomea kompyuta za biashara ana kizuizi: kozi inadai lahajedwali, kanzidata na programu ya uhasibu, na leseni zake hulipiwa juu ya karo na kodi ya chumba. Wengine hunakili programu za wizi kwenye flashi, na virusi vikamaliza kazi ya muhula mzima.

Jambo hili halikubaliki, maana njia ipo. LibreOffice, programu huria iliyoanzishwa mwaka 2010, hailipiwi hata senti. Ina lahajedwali na kanzidata, na ukishaiweka hufanya kazi bila intaneti, jambo kubwa kwa anayehesabu bando. GnuCash, programu huria ya uhasibu, nayo huweka hesabu kwa kanuni ile ile ya darasani: kila muamala huandikwa mara mbili. Kozi ikilazimisha Excel, Microsoft hutoa toleo la mtandaoni bure kwa mwenye baruapepe ya chuo kilichosajiliwa nayo.

Wakuu wa vyuo vya Embu na Meru, wapeni wanafunzi baruapepe hizo siku ya usajili. Nanyi wahadhiri, pokeeni kazi iliyofanywa kwa programu huria.