Joto la Injini ya Pikipiki

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama mjini Kitale)



Leo hatukusimama kusema habari za mishahara. Twasema juu ya pikipiki, kwa kuwa wengi wetu huja kazini kwa pikipiki, na wengine wameziweka barabarani ziwaletee karo ya watoto. Nyingi zimenunuliwa kwa mkopo. Injini ikifa, mkopo haufi.

Mwenzetu mmoja alipakia mifuko minne ya sementi Bungoma, kilo 200, akaja Kitale. Njia hiyo yapanda mita 500 hivi. Alipopita Kamukuywa nguvu ilipungua, injini ikaanza kugonga, naye akasikia harufu ya mafuta kuungua. Badala ya kusimama akazidisha moto. Pistoni ilishika ndani ya silinda, gurudumu la nyuma likafunga, akatupwa chini. Alivunjika mkono. Pikipiki ilikaa kwa fundi miezi miwili, na kila juma mwenye mkopo alidai fedha zake.

Basi, joto latoka wapi? Petroli ikiungua, ni sehemu ndogo tu ya nguvu yake ifikayo kwenye gurudumu, kama robo hivi au zaidi kidogo. Iliyobaki yote ni joto. Sehemu yake hutoka na moshi, na sehemu hubaki katika chuma. Pikipiki nyingi za hapa kwetu hazina rejeta. Hupozwa na upepo upitao katika mapezi ya silinda, na mafuta yazungukayo ndani. Upepo ukizuiwa, au mafuta yakipungua, joto halina pa kwenda.

Sasa mashauri yetu.

Kwanza, mafuta. Injini ndogo hubeba kama lita moja tu, kwa hiyo upungufu mdogo ni hasara kubwa. Pima kila asubuhi, pikipiki ikiwa imesimama wima. Yabadilishe kwa wakati ulioandikwa katika kitabu chake. Usitie mafuta yaliyokwisha kutumika katika gari jingine kwa sababu ni rahisi.

Pili, matope. Wakati wa mvua matope ya njia zetu hujaa katika mapezi, yakakauka kama udongo wa chungu. Yaoshe injini ikiwa baridi.

Tatu, kabureta. Wengine humwomba fundi apunguze petroli ili wabane matumizi. Petroli ikiwa kidogo kupita kiasi, moto huwa mkali zaidi. Tena hapa Kitale tupo juu, kama mita 1,900, na hewa ni nyepesi. Ukiteremka kwenda Lodwar hewa huwa nzito, na kabureta iliyobanwa hapa itazidi kukosa petroli huko, penye jua kali. Plagi ikitoka nyeupe kama chokaa, hiyo ni dalili.

Nne, mzigo na gia. Mlimani shuka gia mapema, usiilazimishe injini. Klachi inayoteleza na breki inayogusa gurudumu pia huleta joto. Ukimngoja abiria, zima injini, maana pikipiki iliyosimama haina upepo.

Injini ikichemka, simama kivulini, uzime, ungoje. Usiimwagie maji, kwani chuma chenye moto kikipozwa ghafula hupinda au kupasuka. Ikianza kushika ukiwa mwendoni, kamata klachi mara moja, gurudumu lizunguke, ujikokote mpaka kando ya njia.

Tusisahau miguu ya abiria na watoto. Ekzosi iwe na kinga yake. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20, asipakwe dawa ya meno wala mafuta. Kidonda kikiwa kikubwa, au aliyeungua ni mtoto mdogo, apelekwe hospitali.

Ndugu, sisi wa reli tuna mfano wetu. Injini za moshi zilikuwa na plagi ya risasi juu ya tanuri. Maji ya boila yakipungua, risasi huyeyuka, mvuke huingia tanurini kwa kishindo, na dereva hupata onyo kabla ya boila kupasuka. Pikipiki haina plagi ya namna hiyo. Plagi ni sisi wenyewe tuliopanda juu yake. Mwenzetu alipewa maonyo matatu, lakini alikuwa anafikiri juu ya fedha za mkopo. Hatumcheki, maana sote twazifikiria.

Kwa hiyo twaomba jambo moja. Tukikutana kwa mkutano wa chama, kila mmoja apime mafuta ya pikipiki ya jirani yake kabla hatujaingia ndani. Kazi hiyo haina gharama, nayo yaweza kuokoa mkono wa mtu.