Nyama ya Kusaga kwa Mtoto: Usimpe Supu Peke Yake

Leo nataka tuongee juu ya nyama. Najua kuna mama anayesema, "Sista, nyama tunaionaga lini sisi?" Ngoja kidogo, mama. Naongea juu ya ile siku ambayo nyama huwa nyingi hata hujui uiweke wapi.

Wengi wenu mko katika chama. Mwaka mzima mnachanga kidogo kidogo, halafu mwezi wa Desemba mnanunua dume lililofugwa hapo hapo kijijini kwa nyasi ya nepia. Linachinjwa, mnagawana, na kila mtu anaenda nyumbani na kilo 6 au 8. Swali langu ni hili: katika hizo kilo 8, mtoto wako wa chini ya miaka mitano alikula ngapi?

Mwaka mmoja nilitembelea nyumba fulani siku moja baada ya Krismasi. Sufuria ilikuwa imejaa nyama. Wageni wamekula, baba amekula, na mtoto wa miezi 10 alikuwa amepakatwa akipewa ugali uliolowekwa kwenye supu. Nikamuuliza mama, "Na nyama je?" Akacheka, akasema, "Sista, huyu hana meno." Nilipoangalia ndani ya kope za yule mtoto, palikuwa peupe. Viganja pia. Mtoto alikuwa na upungufu wa damu ndani ya nyumba yenye kilo 8 za nyama. Nilimwandikia aende kliniki siku iliyofuata, kwa sababu mtoto aliyefikia hapo anahitaji kupimwa na kupewa dawa. Chakula peke yake hakitoshi.

Mama huyo hakuwa mzembe. Alifanya alivyofunzwa. Hata kwetu nyumbani nilipokuwa mdogo, nyama ilikuwa ya wakubwa na supu ya watoto, na tuliamini kuwa nguvu yote imeingia kwenye supu. Sivyo. Supu ina ladha, chumvi na mafuta, lakini sehemu kubwa ya madini ya chuma na ya protini hubaki ndani ya nyama yenyewe. Mtoto akinywa supu anashiba maji.

Dawa ya "hana meno" ni kusaga.

Na jambo hili halikutoka mbali. Lilijaribiwa hapa kwetu, Kyeni Kusini, Embu. Kati ya mwaka 1998 na 2000, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa chuo kikuu cha California kule Los Angeles, wakiongozwa na Daktari Charlotte Neumann na Profesa Nimrod Bwibo, walikwenda katika shule 12 za msingi. (Mimi mwaka huo ndio nilikuwa naanza shule, lakini si katika shule hizo.) Watoto zaidi ya 500 wa darasa la kwanza walifuatiliwa. Shule nyingine walipewa githeri peke yake iliyoongezwa mafuta, nyingine githeri na kikombe cha maziwa, na nyingine githeri iliyochanganywa na nyama ya ng'ombe iliyosagwa laini. Kundi la nne halikupewa chakula shuleni.

Nyama ilianza na gramu 60 kwa mtoto kwa siku, baadaye ikawa gramu 85. Ilionekana nini? Watoto wa githeri na nyama ndio waliopata alama nzuri zaidi katika majaribio ya kufikiri. Misuli ya mikono yao iliongezeka zaidi, na uwanjani walicheza zaidi kuliko wenzao. Si kwamba githeri ni mbaya. Githeri ni chakula kizuri, lakini madini ya chuma yaliyo katika maharagwe na mahindi huingia mwilini kwa shida. Ukitia nyama kidogo, mwili unapata madini ya nyama, na hata yale ya maharagwe yanaingia kwa urahisi zaidi.

Sasa piga hesabu. Ukimpa mtoto gramu 85, kilo moja inatoa sehemu 11. Kwa hiyo nyama ya kusaga haiendi haraka kama nyama ya kuchoma. Ile ya kuchoma, wanaume watatu wanaweza kumaliza kilo moja wakingojea nyingine iive!

Kabla ya kupika, hakikisheni ng'ombe ameonwa na mkaguzi wa nyama, hata kama mnachinja nyumbani. Ng'ombe aliyekufa mwenyewe asipasuliwe na asiliwe, hata akiwa mnono namna gani. Anaweza kuwa na kimeta, na kimeta huua watu. Mwiteni daktari wa mifugo.

Kusaga, mwombe mwenye bucha akusagie asubuhi mashine ikiwa imeoshwa. Kama hakuna mashine karibu, chemsha nyama mpaka ilainike, kisha uiponde kwenye kinu au uikatekate kwa kisu kikali mpaka iwe laini. Lakini sikilizeni vizuri hapa: nyama mbichi iliyosagwa huharibika upesi kuliko nyama ya kipande, kwa sababu uchafu wa nje umechanganywa ndani yote. Kwa hiyo usisage kilo zote 8. Saga ile utakayopika siku hiyo hiyo tu. Na ipikwe mpaka pasionekane wekundu hata kidogo.

Tuanze na githeri yenyewe. Kaanga kitunguu, tia nyama ya kusaga, igeuze mpaka maji yake yakauke, tia nyanya, halafu mimina githeri iliyokwisha kuiva. Mtoto mdogo umpondee. Siku nyingine tia nyama hiyo hiyo katika ndengu. Watu wa Mbeere na Tharaka mnazo ndengu nzuri, msiziuze zote. Kwa mukimo, ponda viazi, mahindi na majani kama kawaida, kisha changanya nyama iliyokaangwa ndani yake badala ya kuiweka kando, maana ikiwa kando mkubwa ataichagua. Ndizi za kupika nazo zinapatana sana na nyama ya kusaga, na zikipondwa ni chakula kizuri cha mtoto aliyetimiza miezi 6. Huyo wa miezi 6 aanze na vijiko viwili au vitatu vya chakula kilichopondwa vizuri, kizito kiasi cha kutomwagika kijikoni, huku akiendelea kunyonya. Uongeze polepole. Chumvi yake haihitajiki.

Ukitaka kuwafurahisha wakubwa, changanya nyama na viazi vilivyopondwa, dania na yai, finyanga vidonge, ukaange. Watoto wa shule hawatabakisha.

Baada ya chakula usikimbilie chai. Najua sisi ni watu wa chai, na majani tunachuma wenyewe, lakini chai huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ingoje saa moja hivi. Kipande cha chungwa ni bora zaidi.

Nyama iliyobaki je? Kama huna friji, chakula kilichopikwa kifunikwe, kichemshwe tena mpaka kitokote kabla ya kuliwa, na kisipite siku ya pili. Mtoto mchanga apikiwe chakula kipya. Nyama mbichi ya vipande, muulize mwenye bucha kama anaweza kukuwekea kwenye friza. Au jifunzeni kwa majirani zetu wa Isiolo: hukata nyama vipande vidogo, wakaianika ikauka, kisha wakaikaanga na kuihifadhi katika mafuta yake. Huiita nyirinyiri. Hata nyama iliyokaushwa tu kwa jua na chumvi, ukiitwanga kwenye kinu inakuwa unga wa kutia kwenye githeri iliyo jikoni.

Na kuna shauri moja kwa wenyeviti wa vyama. Kwa nini dume lichinjwe tarehe 24 Desemba peke yake, wakati kila nyumba ina nyama na bei iko juu? Chama cha watu 30 kinaweza kununua madume mawili madogo, moja likachinjwa mwezi wa Aprili na jingine Desemba. Mlijadili katika mkutano ujao.

Mama mwenye mtoto aliyepauka, anayechoka upesi au asiyetaka kucheza, usingojee chama. Mlete kliniki kesho asubuhi pamoja na kitabu chake. Kwaherini.