Kumwajiri Mchangishaji wa Fedha: Mambo Yatupasayo Kuyaangalia

Hotuba iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama



Nimeombwa kusema machache juu ya jambo mtakalolipigia kura leo, yaani kumwajiri mtu wa nje atuchangishie fedha za karo na za mazishi. Yeye ataka apewe shilingi 30 katika kila 100 atakazokusanya.

Sisi tukaao Eastlands twaijua nguvu ya mchango. Ukumbi wa Ofafa kule Kisumu wachukua jina la Ambrose Ofafa, diwani wa Nairobi na mweka hazina wa Luo Union, aliyeuawa mwaka 1953. Umoja ule uliujenga kwa michango ya watu wake, na kila aliyetoa alijua anajenga nini.

Kwanza, sheria. Sheria ya Kenya juu ya michango ya hadhara, Sura ya 106, iliweka sharti la leseni. Basi kabla ya mtu yeyote kutoka barabarani kwa jina letu, hatuna budi kuuliza katika ofisi ya serikali. Tena daftari letu lina majina, namba za simu na habari za misiba ya wanachama. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 yataka mtu anayeshughulikia habari kama hizo kwa niaba ya mwingine awe na mkataba wa maandishi, na afuate maagizo ya aliyemtuma. Mwanachama alitupa namba yake ili apate habari za chama, wala si ili mgeni amsumbue usiku.

Pili, uaminifu. Huko Uingereza sheria ya mwaka 1992 yamtaka mchangishaji wa kulipwa amweleze mtoaji jinsi anavyolipwa. Huko Marekani chama cha wachangishaji wenyewe chakataza, katika kanuni zake, malipo ya sehemu katika mia. Sababu ni wazi. Mjane wa Makongeni akitoa shilingi 100 kwa ajili ya yatima, na 30 zikaingia katika mfuko wa mtu asiyemjua, je, tumemwambia kweli? Na alipwaye kwa sehemu hushawishika kuutia msiba chumvi na kumshurutisha asiye na kitu. Aibu itakuwa yetu, maana jina alilolitumia ni letu.

Wako watakaosema kwamba 70 ni bora kuliko kukosa kabisa. Neno hilo lina uzito, kwa kuwa watoto wanarudishwa nyumbani kwa kukosa karo. Lakini mwakani tutabisha mlango ule ule, na aliyedanganywa hatafungua.

Kwa hiyo naleta masharti haya: alipwe mshahara maalumu kwa kazi na siku zinazojulikana, fedha zote ziingie moja kwa moja katika namba ya M-Pesa ya chama au benki, zisipite mkononi mwake, kila mtoaji aelezwe malipo hayo, daftari libaki kwa katibu, na mjumbe mwenye udugu naye aseme mapema na asipige kura.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Akiyakubali masharti haya, tumpe kazi. Akiyakataa, tumuage kwa heshima, tukachange wenyewe mlango kwa mlango, tangu Bahati hata Jericho.